Mwongozo kamili: jinsi ya kusaka mashine za gemu za zamani hapa Dar bila kuuziwa kimeo

Watu wakija geto wakaiona PS one yangu nyeupe, yaani PlayStation ya kwanza toleo dogo, swali la kwanza ni umeagiza wapi hiyo. Nikiwaambia nimeitoa Temeke, chini ya meza ya fundi redio, juu yake kulikuwa na jiko la mchina na boksi la spea, hawaamini kabisa. Ila ndo ukweli wenyewe. Dar ina mashine na gemu za zamani nyingi kuliko watu wanavyodhani, shida ni kwamba haziko dukani. Ziko uvunguni, juu ya makabati, kwenye stoo za mabanda ya gemu yaliyofungwa, na kwenye rafu za mafundi ambao wateja wao hawakurudi kuchukua mali. Na kila wiki zinapungua maana zinavunjwa, mtu anatoa shaba, anatoa feni, anatoa transfoma, linalobaki linaenda jalalani. Hilo linaniuma sana, ndo maana naandika hii kwa urefu, kwa anayetaka kuanza kukusanya leo asipoteze hela kama nilivyopoteza mimi na azifikie kabla nyundo haijazifikia.

Kwanza jua unasaka nini

Usianze na "nataka kila kitu", utajaza chumba takataka. Chagua mashine moja au mbili, uzijue mpaka nambari za chini kwenye lebo.

Kwa uzoefu wangu rahisi kuliko zote kuipata hapa mjini ni PS2, na sababu iko wazi, ilitoka Japani Machi 2000 na Sony wakaendelea kuitengeneza mpaka mwanzoni mwa 2013, ziliuzwa zaidi ya milioni 150 dunia nzima, na hapa kwetu ndo iliyolisha mabanda ya mtaani miaka na miaka. Inafuata PS1 na dogo lake PS one, alafu PS3 na PSP, ile ya kushika mkononi. Xbox 360 zipo ila chache. Nintendo orijino ni ngumu, na nyingi ya zile tulizocheza utotoni za kaseti, zile za kulenga bata kwa bunduki, hazikuwa Nintendo, zilikuwa kopi za Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani 1983. Utazitambua kirahisi: ukifungua ndani unakuta chipu zimefunikwa na tone jeusi la gundi ngumu, na kaseti zake nyingi za njano zimeandikwa gemu laki tisa ndani ya moja wakati ni zilezile kumi zinajirudia. Usizidharau lakini. Hizo ndo tulizokulia nazo, na mimi naziweka kwenye mkusanyo kwa heshima zote, ila sizinunui kwa bei ya orijino. Na hiyo bunduki inataka TV ya chogo, kwenye flati haifanyi kazi, kwaiyo ukiona chogo nzima inatupwa mtaani kwenu ichukue.

Andaa mkoba wa kupimia

Hapa ndo wengi wanakosea, wanaenda mikono mitupu wanategemea maneno ya muuzaji. Mimi natembea na kibegi kidogo, ndani yake kuna waya wa AV (wa picha na sauti) wa PlayStation (huo mmoja unaingia PS1, PS2 na PS3), memori kadi, pedi moja ambayo najua ni nzima, tochi, bisibisi ya nyota ndogo, na zile skrini ndogo za gari za kuonea nyuma, ile ya inchi saba yenye tundu la AV, na adapta yake. Ukiwa na hiyo skrini hata kama fundi hana TV unapima palepale juu ya stuli.

Alafu diski tatu, mtaani zote tunaziita CD, na hizi ni muhimu kuliko vyote. Moja ya PS1 orijino, ile ambayo chini yake ni nyeusi. Ya pili ya PS2 ambayo chini ni ya bluu, hiyo ni CD. Ya tatu ya PS2 ambayo chini ni ya fedha, hiyo ni DVD. Kwa nini tatu? Kwa sababu PS2 inasoma CD na DVD kwa miale tofauti, mmoja unaweza ukawa umechoka na mwingine bado mzima. Muuzaji anakuwekea DVD moja inapiga vizuri, unalipa, unafika nyumbani unaweka ya bluu haisomi kabisa. Weka zote tatu, na kila moja icheze angalau dakika kumi mpaka uone inapakia sehemu mpya ya gemu, usiridhike na skrini ya mwanzo tu.

Pa kuzipata

*Mabanda ya gemu.* Anza hapa. Nenda asubuhi kabla watoto hawajatoka shule, maana jioni mwenye banda hana muda na wewe, anahesabu dakika. Salimia vizuri, cheza hata raundi moja ulipe, alafu uliza hivi: "boss, zile za zamani mlizokuwa mnatumia kabla ya hizi mlizipeleka wapi?" Usiulize kama anauza. Mwenye banda karibu wote walianza na PS1 au PS2 wakapanda mpaka PS3 na PS4, na za zamani hawakuzitupa, ziko kwenye gunia. Na sentensi inayofungua mlango ni moja, "nanunua hata mbovu". Ukisema unataka nzima anaanza kufikiria bei, ukisema hata mbovu anaenda kuleta gunia zima, na humo ndani mbovu mbili au tatu zinatoa moja nzima na spea juu.

Kuna mama mmoja Mbagala aliyekuwa na banda, aliniletea mfuko wa rambo umejaa memori kadi, nikauliza shikamoo mama hizi shilingi ngapi, akasema wewe toa hela ya sukari tu. Nilipoweka ya kwanza kwenye PS2 nikawasha, ile skrini ya mwanzo ikajaa minara mpaka pembeni. Wengi hawajui, ile minara ni historia ya gemu zilizochezwa, inasomwa kutoka kwenye memori kadi, ukicheza sana inarefuka. Ndani yake kulikuwa na ligi za mpira watu wamezisevu, timu zimepewa majina ya mitaa ya kule. Kwaiyo tafadhali usifute memori kadi unayonunua kabla hujaangalia ndani, zile data haziwezi kurudi tena na hakuna popote zilipohifadhiwa zaidi ya hapo.

*Mafundi redio na TV.* Temeke, Tandika, Manzese, Buguruni, Ilala, popote penye kibanda chenye matumbo ya redio nje. Hapa adabu ndo mtaji. Yule mzee wa Temeke mazungumzo yetu yalikuwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibu."

"Mzee samahani, huna gemu lolote la zamani, hata bovu?"

"Bovu lipo, kuna kijana aliniachia, lenzi ilikufa. Sasa utalifanyia nini?"

"Nazikusanya tu mzee, nazitengeneza nazitunza."

Akanyamaza kidogo, akainama, akatoa jiko, akatoa boksi, akaivuta. Ilikuwa na kipande cha gundi ya karatasi kimeandikwa jina na nambari ya simu kwa peni ya bluu. Nikamwomba ampigie mwenyewe kwanza. Akapiga, bahati nzuri nambari bado inafanya kazi, jamaa akasema mzee uza tu chukua hela yako ya ufundi. Nikalipa elfu ishirini. Usiruke hiyo hatua ya kupiga simu hata kama fundi anakwambia mwenyewe hajaonekana miaka sita, kitu kina mwenyewe, na ukichukua kwa ruhusa unalala usingizi. Lenzi yake ni KSM-440BAM, ukishajua hiyo nambari unaagiza mpya na kazi ya kubadilisha haizidi nusu saa.

*Wanunua vyuma chakavu.* Wale vijana wa mikokoteni wanaopita mtaani na kwenye mizani ya skrepa. Ongea na wawili watatu wa eneo lako, waonyeshe picha ya mashine kwenye simu, waambie ukikuta hiki usikivunje, niletee nakupa zaidi ya bei ya kilo. Wao wanalipwa kwa uzito na mashine ya gemu ni plastiki tupu kwao, kwaiyo ukiongeza kidogo tu umemfurahisha na umeokoa kitu. Hii njia ni ya polepole, unaweza kukaa miezi miwili kimya, alafu siku moja unagongewa geti saa moja asubuhi kuna Sega Mega Drive kwenye mkokoteni.

*Kariakoo na Karume.* Kariakoo, upande wa Aggrey na mitaa ya jirani, ukishuka mwendokasi Msimbazi Polisi unatembea. Mashine za zamani hapo si nyingi, wengi wanauza PS4 na PS5, ila ndo pa kupata waya, adapta, pedi na skrini. Ukiulizia PS2 dalali atakwambia subiri kaka nakuletea, atazunguka atarudi nayo na bei ameshaongeza ya kwake, kwaiyo ukiweza ingia mwenyewe ndani, panda ngazi, vitu vya zamani huwa ghorofani na stoo. Karume kwenye mitumba nenda na macho tu, humo kwenye vitu mchanganyiko nimeshapata Game Boy Advance, gemu la mkononi la Nintendo, imechanganywa na rimoti.

*Masaki, Oysterbay, Mikocheni.* Wageni wakimaliza mikataba wanauza vitu vya nyumba nzima, na humo ndo hutokea Nintendo za kweli, Wii, DS na gemu zenye maboksi yake na vitabu. Ukiwa na ndugu au rafiki anayefanya kazi ya ndani au ulinzi maeneo hayo mwambie akusikilizie.

*Mtandaoni.* Tovuti ya matangazo ya Jiji, Facebook na magrupu ya WhatsApp. Sheria moja, usitume hela kabla hujakiona kitu, hakuna cha "tuma nusu nikushikie kuna mtu mwingine anakuja". Omba video fupi mashine ikiwaka na karatasi pembeni imeandikwa tarehe ya leo, alafu mkutane sehemu ya watu yenye umeme, sheli au mgahawani, upime ndo ulipe.

Umeme kabla ya kitu kingine chochote

Hili limenigharimu. Niliwahi kununua PS2 nene, safi, haina hata mkwaruzo, muuzaji akaniambia kaka hii ya Japani yenyewe, ngumu hiyo. Kweli ilikuwa ya Japani, nambari ya modeli SCPH-30000. Nikafika nyumbani nikachomeka ukutani, ikapiga pa, moshi mwembamba ukatoka kwenye matundu ya nyuma na harufu ya kuungua ikakaa chumbani siku mbili. Fundi alipofungua kapasita kubwa ya upande wa umeme ilikuwa imepasuka juu. Lebo nyuma ilikuwa imeandikwa 100V, sikuisoma.

Umeme wetu ni 230V. Japani ni 100V, Marekani 120V. Geuza mashine, washa tochi, soma. Ikiandika 220-240V chomeka. Ikiandika 100-240V chomeka. Ikiandika 100V au 120V peke yake usiguse soketi mpaka uwe na transfoma ya kushusha, yenye wati zaidi ya zile za mashine. Kama mashine inatumia adapta ya nje soma adapta, palipoandikwa INPUT. Xbox 360 na Wii za Marekani adapta zake hazikubali umeme wetu, ila hizo nafuu, unatafuta adapta ya Ulaya unabadilisha basi. Na adapta za mashine za zamani angalia pia ule mchoro mdogo wa kuonyesha chanya na hasi, Famicom orijino kwa mfano katikati ni hasi, ukiweka adapta ya redio ambayo katikati ni chanya unaweza kuiua.

Kwa PS2 nambari ya mwisho ya SCPH inakwambia kwao ni wapi, 0 Japani, 1 Marekani, 3 Uingereza, 4 Ulaya. Hiyo nambari pia inakwambia gemu gani orijino itakubali, maana PS1 na PS2 zimefungwa kwa eneo. Kwenye CD angalia kodi, ikianza SLES au SCES ni ya Ulaya, SLUS au SCUS Marekani, SLPS au SLPM Japani. PS3 na PSP kwenye gemu hazina huo ubaguzi, ndo maana ni rahisi kuanza nazo.

Na hapa kuna siri ambayo imenipa mashine kwa bei ya bure: mashine ya Japani au Marekani ukiichomeka kwenye chogo ya zamani ya PAL, mfumo wa picha wa Ulaya na wa kwetu, picha inaweza kuja nyeusi na nyeupe, au inatambaa. Muuzaji anadhani imekufa, anataka kuiondoa. Wala haijafa, ni TV haielewi NTSC tu, mfumo wa picha wa Japani na Marekani, flati nyingi zinaielewa.

Kupima zenyewe

PS2 nimeshasema CD tatu. Ongeza kusikiliza, lenzi iliyochoka inagongagonga tik tik tik kabla ya kusoma. Ikitoa skrini nyekundu basi haikuitambua CD, safisha ujaribu tena na nyingine kabla hujaikataa. Bonyeza kila kitufe cha pedi, zungusha vijiti, chomeka pedi tundu la kwanza na la pili, memori kadi hivyohivyo. Kama inacheza CD ya kuchoma, ujue mara nyingi imeshafunguliwa ikawekwa chipu, au inatumia programu iliyowekwa kwenye memori kadi. Kwangu si kosa, nyingi za hapa ziko hivyo, ila angalia usafi wa kazi.

PS3 icheze nusu saa nzima, gemu zito, usiondoke. Zile nene zina ugonjwa wa taa ya njano na kuna mafundi wanazipasha moto kwa hitigani zinarudi kwa muda, unanunua leo inazima wiki ijayo. Ukiona lebo imechanwa na feni inapiga kelele kama jenereta mapema, achana nayo. Xbox 360 kitu kilekile ila taa zake ni tatu nyekundu.

PSP toa betri uilaze mezani, ikiyumba au mfuniko hauzibi imevimba, usiichaji, ishushie bei ununue mashine bila betri. PS4 kwenda juu hakikisha muuzaji ametoa akaunti yake mbele yako na wewe uingie na yako, kama imefungiwa na Sony utajua palepale.

Gemu orijino na kopi

CD ya kuchoma chini huwa na rangi ya zambarau au kijani hivi, na mstari unaoonyesha data imeishia wapi. Orijino ya PS1 chini nyeusi, na karibu na tundu la katikati kuna herufi ndogo sana zimechongwa zinaanza IFPI, tumia tochi. Kaseti za Game Boy Advance ndo zina feki nyingi, chungulia pale kwenye meno ya dhahabu, ya kweli utaona neno Nintendo limechapwa kwenye bodi juu ya meno, na kwenye lebo ya mbele kuna tarakimu mbili zimegandamizwa hazina wino, unazihisi ukipitisha kucha. Kaseti nyingi za zamani zina kibetri cha saa ndani cha kushika sevu, kikifa gemu inacheza ila haisevu, usimwache muuzaji akuambie hiyo ndo kawaida yake, punguza bei.

Bei na karatasi

Mimi napiga hesabu hivi: mashine ikiwa nzima ningeiuza ngapi, natoa spea, natoa ufundi, natoa nauli, kinachobaki ndo mwisho wangu na sivuki. Usionyeshe umeipenda. Ila pia usimlalie mtu, hasa mama ambaye hajui ana nini, mwambie ukweli na mpe hela ya haki, kesho atakuita tena na atakutangaza mtaa mzima.

Mashine ya bei kubwa kutoka kwa mtu usiyemjua, andikishaneni. Karatasi ya mauziano, majina, nambari ya mashine, nambari ya kitambulisho, sahihi na shahidi, ikiwezekana kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, na lipa kwa simu ili ubaki na meseji. Kijana akikataa kabisa kuandika na anataka hela haraharaka, ondoka. Mali ya wizi ukikutwa nayo kesi ni yako.

Ukishaileta nyumbani

Usiwashe siku hiyo. Mabanda yana vumbi na mende, fungua usafishe kwa brashi laini, meno ya kaseti tumia spiriti ya duka la dawa na pamba za masikio, iache ikauke kabisa. CD unafuta kutoka katikati kwenda nje kwa mstari, usizungushe. Pale betri zilipovuja zikaacha unga mweupe, tone la siki au ndimu linaondoa, alafu unafuta kwa spiriti.

Adui mkubwa hapa kwetu ni unyevu na chumvi ya bahari, kama unakaa Kigamboni au Msasani ndo kabisa. Weka kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu, uvibadilishe, usifunge kwenye mfuko wa nailoni ukaacha. Toa betri zote. Kila baada ya miezi miwili mitatu iwashe icheze kidogo. Na ndani ya kila boksi weka kikaratasi, umeipata mtaa gani, lini, kwa nani wa kazi gani, umebadilisha nini.

Mimi saa hizi nasaka Dreamcast, ile ya Sega ya 1998, Dar nimeiona mara moja tu, Keko, kwa muuza spea. Nilifika ikiwa imeshatolewa feni na mota ya CD, ganda likiwa limegeuzwa kuwa bakuli la misumari, akanipa bure. Ninalo. Bado natafuta ya kulijaza.